Suyunchu kwenye Kona ya Mwisho

Haya, tulimwacha wapi? Tulimwacha Mederbek kwenye barabara ya Kochkor, mkono mmoja kwenye usukani, mkono mwingine kwenye simu, na macho yote mawili kwenye simu. Akainua uso. Mbele yake hapakuwa na barabara tena. Palikuwa na kondoo, kondoo watupu, kutoka ukingo hadi ukingo.

Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Gari likapiga kelele, likaserereka, likageuka ubavu, kisha likasimama. Kitu kizito kikatua juu ya boneti na kuwachungulia kupitia kioo.

"Mbeee!" kikasema.

"Tumeua?" aliuliza Mederbek. Alikuwa amefumba macho.

"Fumbua macho wewe," alijibu Shangazi Zuurakan kutoka kiti cha pembeni. "Aliyekufa hasemi mbee."

Kondoo dume akashuka kwa madaha na kuacha zawadi yake nyeusi juu ya boneti. Nyuma yake akaja mchungaji juu ya farasi, kofia ya sufu imemkaa upande, mkononi ana simu, na ndani ya simu yuko mkewe.

"Subiri, mke wangu, kuna mwendawazimu hapa," alisema mchungaji, kisha akainama dirishani. "Wewe! Hii barabara ya baba yako?"

"Nisamehe, kaka. Nilikuwa naangalia..."

"Ulikuwa unaangalia simu! Nimekuona! Nyinyi watu wa simu mtatumaliza!"

Mkewe akaitikia kwa kichwa ndani ya kioo. "Waambie, baba watoto!" alisema. "Waambie!"

Mchungaji akawaambia. Akawaambia ya mama zao, akawaambia ya shule walizosoma, na alipokuwa anakaribia kufika kwa mababu, Shangazi Zuurakan akatoa kichwa nje.

"Kaka, maneno yako yote ni ya kweli," alisema. "Ila kondoo wako wanaelekea mtoni."

Mchungaji akageuka, akapiga yowe, akatimua mbio na mke wake mkononi. Barabara ikawa nyeupe. Mederbek akatia gia huku kicheko kinamtoka bila ruhusa yake.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, mambo yenyewe ni haya. Asubuhi hiyo mjini Bishkek, Aisuluu, dada yake Mederbek, alijifungua mtoto wa kiume baada ya miaka mingi ya kungoja na kulia. Bibi yao Burulsun, aliyeko kijijini, alikuwa ameapa mbele ya ukoo: atakayetangulia kumfikishia habari ya mtoto huyo wa kwanza, huyo atapata suyunchu, zawadi ya mleta habari njema. Na zawadi yenyewe ni farasi wake, Jeerde.

"Na asinipigie mtu simu," alisema Bibi. "Simu ilishanidanganya. Nataka nimwone kwa macho yangu huyo anayeniambia."

Ukoo mzima ukafunga mdomo. Mbio zikabaki kwa wawili waliokuwa mlangoni mwa wodi: Mederbek na binamu yake, Ulan.

Usidhani Mederbek anataka farasi wa kutambia watu. Jeerde alizaliwa zizini mwa marehemu baba yake, mvua ikinyesha, na Mederbek ndiye aliyemfuta kwa koti lake la shule. Yeye ndiye aliyemfundisha kutembea, kukimbia, na kusimama. Hasa kusimama. Ukiziachia hatamu za Jeerde, hata ngurumo ipige juu ya kichwa chake, hanyanyui mguu mpaka uzishike tena. Baba alipokufa, farasi akaenda kwa Bibi, na tangu siku hiyo Mederbek hajaacha kutamani kumrudisha nyumbani.

Ulan naye alikuwa na mapenzi yake kwa Jeerde. Mama yake Ulan ni fundi wa soseji za nyama ya farasi, wilaya nzima inamjua. Baridi ilikuwa inabisha hodi, na Ulan alishampiga picha Jeerde kutoka pande zote, hasa upande wa mbavu.

Sasa unaelewa kwa nini gari linakwenda kwa kasi namna hii.

"Mashabiki wangu wapendwa!" ilisema simu ya Mederbek kwa sauti ya Ulan. "Nina habari mdomoni, tamu kuliko asali! Siitoi mpaka nifike! Nitumieni mioyo!"

Ulan alikuwa anajirusha laivu tangu atoke mjini, usukani mkono mmoja, simu imebandikwa kwenye dashibodi, meno yote nje. Mederbek alikuwa anaitazama laivu hiyo ili ajue mwenzake amefika wapi. Ndiyo iliyompeleka kwa kondoo.

"Nipe hiyo simu," alisema Shangazi.

"Shangazi, lazima nijue yuko..."

"Nipe! Macho yangu ni ya kazi gani? Wewe endesha, mimi nitatazama."

Mederbek akampa. Akajisikia mwepesi, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Hata akaanza kupiga mluzi.

Lakini msomaji, kuna jambo hapo. Gari la Mederbek ni la Kijapani, usukani uko kulia, na barabara za kwao watu huendesha upande wa kulia. Dereva wa gari kama hilo akitaka kulipita lori, haoni kitu isipokuwa matako ya lori. Anayeona mbele ni abiria wake. Ndiyo maana kila mwenye gari la namna hiyo ana mtu wake wa kushoto, anayemwamini kuliko mkewe. Mtu wa Mederbek ni Shangazi Zuurakan. Akisema pita, unapita, akisema tulia, unatulia. Hajawahi kukosea tangu gari linunuliwe.

Mbele kukatokea trekta lililobeba majani makavu, mzigo mkubwa kama nyumba, linatambaa.

"Shangazi, vipi huko?"

"Pita," alisema Shangazi.

Mederbek akakata usukani, akatoka nyuma ya trekta, na akakutana uso kwa uso na basi.

Hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu hapakuwa na muda wa kelele. Dereva wa basi akavuta kwake, mwenye trekta akavuta kwake, na Mederbek akapenya katikati huku majani yakiingia dirishani na kioo chake cha pembeni kikibaki mali ya basi. Wakatokea upande wa pili wakiwa hai, wamejaa majani kichwani.

"Shangazi! Umesema nipite!"

"Mimi?"

"Wewe!"

Shangazi Zuurakan akaiangalia barabara, akaiangalia simu, rangi ikamtoka. "Nilikuwa nasoma komenti," alisema polepole. "Kuna mwanamke wa Talas anamtaka Ulan." Akatoa jani mdomoni. "Mederbek, mwanangu, nusura nikuue kwa ajili ya mwanamke wa Talas."

Wakatazamana. Kisha wakacheka, wakacheka mpaka machozi, maana mtu akinusurika mara mbili kwa asubuhi moja atafanya nini kingine? Shangazi akaichukua simu, akaiweka kwenye kiti, na akaikalia.

"Nimeikalia," alisema. "Sasa twende."

Shangazi ni mtu mwenye mwili. Simu ilizama. Lakini haikuzimika, na kutoka chini yake, kwa sauti ya mtu aliyefungiwa gunia, Ulan akaendelea: "Mashabiki! Nimebakiza vilima viwili!"

"Vilima viwili?" Mederbek alishtuka. "Basi yuko hapa hapa!"

Kweli. Walipopanda kilima, gari jekundu la Ulan lilikuwa mbele yao, chini ya mteremko, pande zote mashamba ya viazi. Moyo wa Mederbek ukaruka. Mbele kabisa ilionekana kona ya mwisho, na nyuma ya kona hiyo ni kijiji, na kijijini ni zizi la Bibi.

Shangazi akanyoosha shingo. Safari hii aliangalia kwelikweli, kulia, kushoto, mbali. "Njia nyeupe. Pita, mwanangu! Pita sasa!"

Mederbek akakanyaga mafuta. Mara gari jekundu likayumba, likala barabara yote, likarudi.

"Amelewa?" aliuliza Shangazi.

"Habari za huko Osh, dada Gulbara!" ilisema sauti chini ya Shangazi. "Naona umeniandikia... ngoja nisome..."

Gari jekundu likayumba tena.

Mederbek akaelewa, na kicheko chote kikamkauka. Kila sauti ya chini ya Shangazi ilipoanza kusoma, gari la mbele liliacha njia. Sauti ikinyamaza, gari linanyooka. Sauti ikisoma, gari linakwenda shimoni.

"Hatazami barabara kabisa," alisema. "Shangazi, huyu atakufa mbele yetu."

"Mpigie honi!"

Akapiga honi ndefu. Lakini kwao honi ndefu barabarani ni ya nini? Ni ya harusi. Ni ya askari aliyerudi nyumbani. Ulan akafurahi, akajibu kwa honi ya vigelegele, akawasha na taa zote.

"Mnasikia, mashabiki? Binamu yangu ananipongeza kabla sijashinda! Huyo ndiye mwanamume!"

"Mpigie simu umwambie!"

"Nikimpigia si ndiyo ataitazama zaidi!"

Shangazi akajiinua kidogo, akaichomoa simu, ya moto kama andazi. "Basi nitamwandikia komenti. Mimi ni shangazi yake, ataniheshimu." Akaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje, TAZAMA MBELE WEWE. Akaituma.

Usoni mwa Ulan, ndani ya kioo, kukapambazuka.

"Jamani! Shangazi yangu yupo! Shangazi Zuurakan yupo laivu!" Akakisogelea kioo. "Anasema... andika kwa herufi kubwa kidogo, Shangazi... anasema ta... taza..."

Gari jekundu likatoka barabarani.

Liliondoka bila papara, kama linalokwenda kuchuma viazi. Likaruka mtaro, likapiga pua, likabiringika, likatulia chali katikati ya shamba na magurudumu yanazunguka. Ndani ya simu kikaonekana kipande cha mbingu, safi, ya buluu, na mioyo myekundu ikipanda juu yake mmoja mmoja. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo.

"Nimemuua," alisema Shangazi. "Nimemuua kwa kidole."

Mbele ya Mederbek barabara ilibaki nyeupe. Kona ile pale. Jeerde alikuwa wake, hapana wa kumgombea tena. Sitakudanganya, msomaji: mguu wake ulibaki kwenye mafuta. Ulibaki kwa muda ambao yeye mwenyewe hatausahau mpaka anazikwa. Kisha ukahamia kwenye breki.

Walilikimbilia gari, Mederbek mbele, Shangazi nyuma akiwa ameshika gauni. Ulan alikuwa ananing'inia kwenye mkanda, kichwa chini, damu puani, macho yamemtoka.

"Ulan! Unanisikia?"

"Watu wangapi wanatazama?" aliuliza Ulan.

"Nini?"

"Laivu. Wangapi?"

"Mjinga wewe, mkono wako umegeukia nyuma!"

"Nimeona. Lakini wangapi?"

Mederbek akafungua mkanda na Ulan akamwangukia mikononi, mzito, mzima, ananuka hofu na mafuta ya nywele. Mederbek akamkumbatia. Hakukusudia, lakini alimkumbatia, na alikuwa analia, na alikuwa anamtukana, na yote hayo alikuwa anayafanya kwa pamoja.

Shangazi akavua kitambaa chake cha kichwa akaufunga mkono uliovunjika. Aliufunga vizuri, akafunga fundo, kisha akampiga Ulan kofi la kisogo.

"Hilo la mama yako," alisema. "Langu nitakupa ukipona."

Ulan alikuwa ameiona simu yake, imechomeka kwenye tuta la viazi, kioo kimepasuka lakini kinawaka. Bado laivu. Akaivuta kwa mkono mzima akaiweka mapajani.

"Ungepita," alimwambia Mederbek.

"Ningepita."

"Mimi ningepita."

"Najua."

Ulan akaanza kulia, midomo ikimcheza kama ya mtoto. "Mchukue Jeerde. Nenda kamwambie Bibi. Mimi nimeacha, hapa mbele ya mashabiki wangu wote. Naapa."

"Unaapa kweli?"

"Kweli kabisa. Nenda!"

Mederbek akasimama. Mwili wote ulikuwa mwepesi. Dada yake amezaa, binamu yake yu hai, Jeerde anarudi nyumbani! Akapanda kurudi barabarani akiruka matuta, na laiti angekuwa na kofia angeirusha juu.

Hapo ndipo aliposikia kwato.

Kwenye kona ya mwisho akatokea farasi mwekundu mwenye paji jeupe, shingo mbele, anakula lami. Juu yake alikuwa Bibi Burulsun, kikongwe asiyesikia vizuri, ndala miguuni, kitambaa cheupe kimemfunguka kinapepea nyuma. Mke wa jirani alikuwa anaitazama laivu jikoni, akaona gari linapinduka, akapiga ukemi. Bibi hakuuliza la pili. Alipanda farasi.

Alipomwona Mederbek akavuta hatamu katikati ya barabara. Akamtazama shati lenye damu ya Ulan. Akamtazama macho mekundu, majani kichwani.

"Nani amekufa?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Usinizungushe kama wazee wanavyofanya msibani. Ni Aisuluu? Niambie, ni Aisuluu?"

"Hapana, Bibi! Hapana!" Mederbek alicheka, akafuta uso, akafungua mikono. Lile neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, tamu, lake peke yake.

"Hapana, Bibi! Hapana!" ilisema sauti nyingine.

Mederbek akalimeza neno lake. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ilitoka mbele, kutoka upande wa kona, kubwa, ya spika, imechelewa kidogo tu.

Lori la makaa ya mawe likatokea kwenye kona, limejaa hadi juu, linashuka mteremko. Dirisha lilikuwa wazi. Mederbek alimwona dereva vizuri sana. Alimwona sehemu ya juu ya kofia yake, kwa sababu uso wake ulikuwa umeinama, unatazama chini, na shavu moja lilikuwa linacheka. Alikuwa anaitazama laivu.

Bibi alikuwa ameipa kona mgongo.

"Toka barabarani!" alipiga kelele Mederbek. "Bibi, toka! Toka!"

"Eeh?" alisema Bibi, akatega sikio.

Na kutoka shambani, kabla Mederbek hajavuta pumzi nyingine, Ulan, aliyekuwa ameielekeza simu yake barabarani na macho yake yako kwenye kioo, aliyekuwa ameapa, akaona uso wa Bibi umeingia kwenye kioo na mioyo inapanda maelfu kwa maelfu, na akashindwa kujizuia.

"Suyunchu, Bibi!" alinguruma kwa nguvu zote. "Suyunchu! Ni mvulana!"

Hilo Bibi alilisikia.

Uso wake wote ukafunguka. Akafanya ambalo kila bibi wa kwao angelifanya akiletewa neno hilo: akaacha alichoshika, akainua viganja vyote viwili mbele ya uso, akafumba macho, na kuanza kumwombea dua mtoto.

Hatamu zikaanguka shingoni mwa Jeerde. Na Jeerde, kama Mederbek alivyomfundisha, akasimama tuli katikati ya barabara.